Kosa la Ubaoni

Mwalimu Ratchani alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na sita katika shule ileile ya mkoani Nan, kaskazini mwa Thailand, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumkosoa. Si kwamba hakukosea. Alikosea kama binadamu yeyote, ila watoto wake walikuwa na adabu: walinakili kosa kimyakimya, wakaenda kulisahihisha nyumbani. Adabu hiyo aliwafunza mwenyewe, tena akijisifu. Samaki mkunje angali mbichi, na yeye aliwakunja kwelikweli.

Ndipo alipokuja Bi Annelies, Mholanzi aliyekaa Bangkok hadi Kithai kikamkaa mdomoni. Alikuwa akizunguka shule za mikoani kutafuta mtoto mmoja tu wa kwenda kusomeshwa kwao Uholanzi mpaka chuo kikuu. Bwana Prasoet, mwalimu mkuu, alimuuliza wanataka alama ngapi.

"Alama mnazo, nimeziona," alisema mgeni. "Natafuta mtoto anayeweza kumwambia mwalimu wake, 'Hapo sikubaliani nawe.'"

"Kwetu mtoto wa hivyo tunamwita mzazi wake," Bwana Prasoet alijibu.

Ratchani hakucheka. Alikuwa akimfikiria Saengdao, binti wa miaka kumi na tano aliyefumbua hesabu ambazo hata mwalimu wake zilimtoa jasho. Muhula ukiisha, binti huyo angeacha shule akauze wali wa kunata kwenye kibanda cha bibi yake, kwa kuwa miguu ya bibi ilikuwa imevimba na hakuna mwingine. Nafasi hii ilikuwa yake. Ingekuwa dhambi kuikosa.

Basi akaliambia darasa zima, "Mgeni akija kuchagua mtoto wa kumsomesha, mkiona neno mniulize. Sawa?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

"Mtaniuliza nini?"

Saengdao akanyoosha mkono. "Mwalimu, utuandikie maswali tuyakariri."

Mtu angefanya nini na watoto hawa? Akaona njia ni moja: kuweka kosa ubaoni, kubwa kama ng'ombe, Saengdao alione na asiweze kuvumilia.

Siku ikafika. Bi Annelies akaketi nyuma na daftari lake. Ratchani akachora pembetatu, kitako sentimita kumi na mbili, kimo tano. Akazidisha, akaandika eneo: sitini. Nusu aliiacha makusudi. Kosa hilo hata mtoto wa darasa la sita angeliona.

Akageuka. Macho ya Saengdao yalikuwa ubaoni, na nyusi zimekutana. Ameona! Moyo wa mwalimu ukaruka. Binti akaandika kitu kwenye daftari, akatazama nyuma kwa mgeni, akamtazama mwalimu, kisha akachukua kifutio akafuta.

"Kuna aliye na wazo jingine?" Ratchani aliuliza.

"Hapana, Mwalimu!"

"Saengdao, hebu angalia vizuri."

"Nimeangalia, Mwalimu."

"Angalia tena, mwanangu." Sauti yake ilikuwa karibu kuwa ya kuomba. "Eneo ni sitini kweli?"

Saengdao akasimama, akakutanisha viganja kifuani kwa heshima. "Ni sitini, Mwalimu. Mwalimu ameeleza vizuri sana."

"Sitini!" darasa zima likaitikia, kwa nguvu kuliko siku zote.

Mgeni akaandika neno moja, akafunga daftari. Ratchani alisimama na chaki mkononi. Angesema kosa ni la makusudi, ingeonekana anajitetea. Angemwamuru binti aseme kweli, angesema, kwa sababu ameamriwa. Kila mlango alioushika alikuwa ameufunga mwenyewe zamani.

Mlangoni Bi Annelies aliagana naye kwa upole. "Watoto wako wanakupenda. Lakini yule binti… Kule mkoani Phrae nimepata mvulana mbishi hasa. Nadhani nitamchukua yeye."

Ratchani alitaka kumweleza. Mgeni alikuwa ameshavaa viatu, na Bwana Prasoet alikuwa akimsindikiza kwa tabasamu pana, akisifu nidhamu ya shule.

Darasani alimkuta Saengdao peke yake, anafuta ubao.

"Mwalimu, usinikasirikie," alisema chini chini. "Ilikuwa thelathini. Niliona. Mwalimu umechoka siku hizi, ndiyo maana."

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya mgeni? Mwalimu!" Alishtuka kana kwamba ameulizwa kwa nini hakuiba. "Decho alitaka kusema, yule hana akili, nikamkanyaga mguu. Wengine niliwakonyeza. Hakuna aliyekuumbua hata mmoja."

Alisimama pale na vumbi la chaki puani, akingoja kusifiwa. Alistahili. Ratchani alihisi machozi yanamjia, akayarudisha.

"Umenitunza, mwanangu. Ahsante."

Binti akang'aa uso mzima. "Na yule mama aliniona nilivyojibu? Nilisimama wima, eti? Bibi ameniambia nikimbie nimpe habari. Nimwambie nimepita?"

"Mwambie…" Ratchani akaanza, wala hakuweza kumalizia. Saengdao alingoja kidogo, akadhani amekwisha kuruhusiwa, akainama kwa heshima, akatoka mbio kwenda kumwambia bibi yake kwamba amepita.