Kapteni Aliyemwona Nayibe Mtoni

Kapteni Arístides Rondón, mkuu wa shule ya urubani ya Caño Limpio, aliweza kumsamehe mwanafunzi karibu kila kitu. Ukitua kwa kishindo mpaka meno yakagongana, atakusonya na kukurudisha hewani. Ukimtapikia mapajani, atakupa kitambaa. Lakini ukisema redioni kwamba uko mahali ambapo hupo, funga virago, na usimlete mama yako aje kulia ofisini, maana wamekuja wengi na wote wamerudi na machozi yao. Alikuwa akisema kwamba angani mwenzako anakuona kwa maneno yako. Ukimdanganya, umemfumba macho.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba Nayibe Cisneros hakujua. Alijua vizuri mno. Alibakiza safari chache za peke yake kabla ya mtihani, na akifukuzwa hapo hakuna shule nyingine ya kumpokea. Atarudi kwenye duka la viatu la shangazi yake, akapime miguu ya watu mpaka azeeke.

Ila sasa, Jumamosi ile ilikuwa siku ya kuzaliwa ya bibi yake. Doña Edelmira ndiye aliyemlea, huko kwenye ranchi yake ya La Porfía, nyuma ya mitende ya bondeni. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane wa miaka mingi, na hakuwahi hata mara moja kumwona mjukuu wake akiruka. Na asubuhi hiyohiyo Kapteni akampangia Nayibe mazoezi kwenye Kona ya Mamba, pale mto unapojipinda, akamsisitiza mara mbili kwamba asitoke hapo mpaka aambiwe, maana yeye mwenyewe huenda akapita kumtazama. Mto uko mashariki. La Porfía iko magharibi. Mwenye akili timamu angekwenda mtoni.

Nayibe akapaa, akaelekea mashariki kistaarabu mpaka akawa mbali na macho ya mnara, kisha akanyoosha mkono kwenye transponda. Ni kisanduku kidogo chenye tarakimu nne, kinachowaambia watu wa mnara, kwenye skrini yao, wewe ni nani na uko juu kiasi gani. Mmbea asiyelala. Nayibe akakigeuza kwenye hali ya kusubiri, na mmbea akanyamaza. Kisha, kwa sauti ya mtoto anayekwenda komunyo, akauarifu mnara kwamba transponda yake inasumbua, na kwamba yuko Kona ya Mamba, anafanya mazoezi yake. Huku anasema hivyo, pua ya ndege ilishageukia magharibi.

Zamu ya kuongoza ndege ilikuwa ya Amparo Bohórquez, mama aliyelea watoto wa kiume tu, na sauti yake siku zote ilikuwa ya mtu anayejua ni nani aliyekula jibini ya jana.

"Nimepokea, Nne-Mbili," akajibu, akimwita kwa namba ya ndege yake. "Mpe pole mgonjwa."

Nayibe alikuwa anakaribia mitende ya bibi yake, akijiimbia wimbo wa joropo, ngoma ya kwao, redio ilipoita tena. Ilikuwa sauti ya Kapteni. Alikuwa amepaa kwenda mtoni kumkagua mwanafunzi wake na, bahati mbaya, transponda yake nayo imeharibika.

"Kumbe ugonjwa wenyewe unaambukiza," akasema Amparo.

Nayibe akaacha kuimba. Kapteni akifika mtoni ataukuta mto na mamba wake, mwanafunzi hakuna. Afanye nini? Hata angeazima injini ya ndege ya jeshi asingemuwahi. Akaliona duka la viatu, akaiona hata ile stuli ya kukalia. Alikuwa bado anatafuta uongo wa pili wa kuufunika wa kwanza, Kapteni akaita mnara.

"Niko Kona ya Mamba. Nne-Mbili namwona. Anazunguka vizuri, kimo hakipotezi. Huyu binti ana mkono mzuri."

Nayibe akaitazama redio. Akatazama chini, akaona ng'ombe wa bibi yake wakinywa maji. Mtoni hakuwepo, na kwa hilo hakuhitaji shahidi. Sasa Kapteni anamwona nani? Akapumua mara mbili tatu, kisha kicheko kikampanda kutoka miguuni. Lahaula, mzee naye hayupo! Mzee mzima anadanganya, tena kwa mapambo.

Mtu mwenye adabu angelinyamazia jambo hilo akashukuru Mungu. Nayibe hakulelewa hivyo. Akabonyeza kitufe.

"Mnara, Nne-Mbili. Nami Kapteni namwona. Ndege yake inang'aa kweli leo."

Popote alipokuwa, Kapteni alijua fika kwamba hakuwa mtoni hata aonekane. Walikuwa wezi wawili waliokutana gizani ndani ya nyumba moja, kila mmoja akijifanya mlinzi.

Amparo akasema amefurahi sana kusikia wanaonana. Basi warudi pamoja: Kapteni atangulie kutua, Nne-Mbili amfuate nyuma na asimpoteze machoni. Aliyasema hayo taratibu, kama anayemwaga mafuta kwenye ngazi.

Nayibe akajiambia azunguke nyumba mara moja tu, halafu atajua la kufanya. Akaipita mitende. Doña Edelmira alikuwa tayari uani, amevaa gauni la njano, anapunga kitambaa cha meza kwa mikono miwili. Moyo wa Nayibe ukajaa. Akatikisa mabawa. Bibi hakumtazama. Alikuwa amempa mgongo, anapungia upande wa tangi la maji, na kutoka upande huo ikaja ndege nyeupe yenye tumbo la bluu, chini chini, ikitikisa mabawa yake kwa madaha. Ilikuwa ya Kapteni. Ilikuja kwa kimo kilekile cha Nayibe, pua kwa pua, na rubani wake alikuwa ameinamia dirishani akitazama gauni la njano.

Hapo mzaha uliisha. Nayibe angeweza kukwepa, lakini Kapteni akigeuka kuizunguka nyumba bila kumwona atamjia palepale atakapokwepea. Ilibaki redio tu, na redio ilikuwa inasikika na kila mtu. Akaogopa, na akabonyeza.

"Kapteni, pinda kulia sasa. Niko mbele yako, La Porfía, kimo chako. Siko mtoni."

Tumbo la bluu likalala upande, likapita kushoto kwake, karibu mno, hata akaona miwani ya mzee imeteleza puani.

Kisha Amparo akaongea.

"Nne-Mbili, nimepokea, uko La Porfía. Asante kwa kusema kweli. Kapteni Rondón, yule uliyemwona mtoni, mwenye mkono mzuri, alikuwa nani?"

Marubani wote waliokuwa hewani wakaanza kubofya vitufe vyao, tk-tk, tk-tk, ndivyo wanavyocheka huko bila kutaja jina. Kapteni akasema anarudi, basi.

Alimkuta Nayibe bandani, ameshatoa vitu vyake kabatini. Akiongea na tairi la ndege badala ya kumtazama binti, akaeleza kwamba doña Edelmira alimvutia tangu siku ile alipowaletea shuleni hayaca, vile vifurushi vya mahindi na nyama, kwamba alimtuma Nayibe mtoni makusudi ili asiwaone, na kwamba sheria ni sheria. Kabla hajafika kwenye sheria yenyewe, simu yake ikalia: ni doña Edelmira, ambaye Amparo alishamsimulia yote. Nayibe hakuhitaji kutega sikio. Bibi yake alikuwa amefundisha miaka mingi madarasa yasiyo na vioo madirishani, kando ya barabara ya malori, na sauti yake ilizoea kuyashinda.

"Arístides, nisikilize. Ukimfukuza mjukuu wangu huku wewe ukibaki, usikanyage kwangu. Na ukimwacha kwa sababu ni mjukuu wangu, usikanyage vilevile."

Akakata. Kapteni alikuwa amewahi kuvuka mto Orinoko injini ikikohoa, na hakutoka jasho namna hiyo. Mwishowe akawaita wanafunzi wote, akawasimulia kila kitu bila kuacha hata ile sehemu ya kutikisa mabawa, akasema waliofukuzwa atawaita warudi. Kisha akapanda mnarani na Nayibe, akamwambia Amparo, wewe ndiye uliyedanganywa, basi wewe hukumu.

Amparo alimaliza kahawa yake kwanza. Akasema binti alisema kweli wakati kweli ingempotezea kila kitu, kwa hiyo Jumatatu aruke. Akamgeukia Kapteni, akamuuliza yeye alisema kweli lini.

"Sasa hivi, chini," akasema Kapteni.

"Basi baki hukohuko chini, mpaka mvua zianze."

Kapteni akaitikia. Nayibe akamuuliza, kwa heshima zote, Jumapili atakwenda La Porfía na nini, maana basi halipiti.

Alikwenda kwa miguu. Alifika adhuhuri, vumbi mpaka kwenye nyusi, na doña Edelmira akampa maji, akamtazama mpaka akayamaliza, ndipo akamvutia kiti.