Sufuria Zilizorudi Tupu

Mama Kantini hakuwahi kumuuliza mtu kama chakula chake ni kitamu. Aliona hilo ni swali la watu wanaotafuta sifa za bure. Maisha yake yote ya kazi yalipita jikoni kwenye shule ya bweni, akipika kwa masufuria makubwa ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, na alipotaka kujua kama siku imekwenda vizuri alisimama kwenye dirisha la kurudishia vyombo akatazama kilichobaki. Sufuria tupu, watu wameshiba. Sufuria ina mabaki, kuna mtu alizembea kwenye vitunguu. Sura za walaji hakuwa na shida nazo. Alistaafu na imani hiyo, akahama nayo mpaka jikoni kwake.

Kwa hiyo mkwewe alipojifungua, hakuna aliyehitaji kumwambia la kufanya. Mkwe huyo ni mshonaji, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mumewe, ambaye ni seremala na alistahili jina hilo sawasawa, ila aliwahiwa. Mtoto alizaliwa amekunja uso na ngumi mbili juu, kama mtu aliyekuja kukagua kazi akaikuta haijaanza. Wakamwita Bosi, na Bosi akabaki.

Kila siku kabla ya saa sita Mama Kantini alishika kapu mkononi, akavuka mitaa miwili mpaka kwa mwanawe. Ndani ya kapu kulikuwa na mabakuli ya mfuniko yaliyopangwa vizuri: maharage yaliyoiva mpaka yakalegea, mboga za majani, samaki au mayai, wali, na machungwa yaliyokwisha kumenywa. Na birika la chai ya rangi, nzito, maana yeye aliamini chai ndiyo inayoyavuta maziwa ya mama. Aliweka vitu mezani, akambusu Bosi kwenye unyayo, akaaga. Hakukaa kula hata siku moja. Alikuwa na sababu yake: mama mkwe akikaa mezani, mkwe hali, anadonoa. Mwache mtoto wa watu ale kwa uhuru. Jioni mwanawe alirudisha mabakuli, yameoshwa yanang'aa, na Mama Kantini alilala usingizi mnono.

Raha hiyo ilidumu wiki kadhaa. Kisha akaanza kuona mambo ambayo hakuyaelewa.

Fundi alikuwa anakonda. Si kukonda kule kwa kurudi kwenye mwili wa kawaida baada ya uzazi, bali kukonda kwenyewe, mifupa ya shingo imejichora na macho yamerudi ndani. Akisimama kutoka kwenye cherehani ilimbidi ashike meza kwanza. Seremala, kwa upande wake, alikuwa amenawiri. Mashavu yalijaa, shingo ikapata mkunjo, na siku moja Mama Kantini alimkuta Fundi anaongeza kipande cha kitambaa kwenye kiuno cha suruali ya mumewe.

"Ubaba huo," alisema Mama Kantini akicheka. "Umemkaa vizuri."

Fundi aliinamia uzi wake.

Siku ya kliniki Fundi na Mama Kantini walikwenda wote wawili na mtoto. Muuguzi alimweka Bosi kwenye mzani, Bosi akapiga kelele za mtu aliyevunjiwa heshima, na muuguzi akatazama namba, akatazama tena.

"Hajapungua," alisema. "Lakini hapandi. Amesimama palepale. Mama, wewe unakula nini?"

"Anakula!" Mama Kantini alidakia, na kabla hajavuta pumzi alikuwa ameshataja maharage, samaki, mboga na machungwa, pamoja na namna alivyoviosha.

"Nimemuuliza yeye," alisema muuguzi kwa upole.

"Mama ananiletea chakula kila siku, dada," alisema Fundi, macho sakafuni. Uongo hapo haukuwepo hata chembe.

Muuguzi aliwaambia Bosi anyonye mara nyingi zaidi, na baada ya muda mfupi arudishwe apimwe tena. Kama atakuwa bado amesimama, wataangalia njia nyingine. Njiani Fundi alianza kulia, taratibu, bila sauti, huku anatembea.

"Labda maziwa yangu ni mepesi tu, mama. Jirani ananiambia ninunue ya kopo. Mimi sitaki, nataka kumnyonyesha mwenyewe, nilikuwa nalitamani jambo hili hata kabla hajazaliwa. Lakini nikimweka titini nasikia kizunguzungu, namtoa kabla hajamaliza, naye analia. Nitafanya nini?"

Mama Kantini alimshika bega. Moyo ulimuuma kwelikweli. Akarudi nyumbani akafanya jambo pekee alilolijua: akaongeza chakula. Bakuli la maharage likawa kubwa zaidi, samaki wakawa wawili, akatia na karanga. Mabakuli yakarudi tupu. Seremala akaanza kuhema akipanda ngazi.

Mambo yalifumuka kwa sababu ya mchuzi. Siku hiyo, baada ya kupeleka kapu, Mama Kantini alifika nyumbani kwake akakuta bakuli la mchuzi limebaki juu ya jiko. Akalifunika kwa kitambaa, akarudi mbio nalo. Hakubisha hodi. Mlango ulikuwa wazi, na mtu mwenye mchuzi wa moto mikononi hana subira.

Mezani alikaa mwanawe, amekimbia karakana kwa mapumziko ya mchana, mikono ya shati imekunjwa, mbele yake mabakuli yote yamefunuliwa. Samaki mmoja alikuwa amebaki mifupa. Pembeni, Fundi alikaa na Bosi titini. Kwenye sahani yake kulikuwa na wali mweupe, mtupu, kiasi cha kumshibisha kifaranga, na kikombe cha chai ya rangi.

"Karibu, mama, chakula kipo," alisema seremala kwa mazoea, kisha akasikia alichokisema. Kijiko kikabaki hewani.

Mama Kantini aliweka mchuzi mezani polepole. "Kumbe siku zote hizi nampikia seremala."

Fundi ndiye aliyesema, na aliposema alisema yote, kama mtu anayetapika. Mama yake mzazi, anayeishi mbali, humpigia simu kila asubuhi. Amemwambia asile maharage, yatamjaza mtoto gesi. Asile samaki, mtoto atatoka vipele. Mayai yatamziba kifua, machungwa yatamchachia tumboni, na mboga za majani, basi hata asiziguse. Naye mama mkwe huku analeta hivyohivyo vyote, kwa upendo, vimeoshwa. Amkatae nani?

"Nikamwambia mama ndiyo. Na wewe nikakuambia asante. Kisha nikamwomba huyu anisaidie, maana wewe sufuria ikirudi na kitu utaumia. Kila mtu katika ukoo huu anajua habari ya wewe na sufuria."

"Mngeniambia!"

"Mama," alisema seremala, akiwa bado na kijiko, "wewe nani anakuambia?"

Hapo Mama Kantini alipigwa pabaya. Alitoka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo, akiwa amekasirika mpaka masikio yanawaka. Alimkasirikia mwanawe, dubwana lile, kumlia mkewe chakula chote na kuuita msaada. Alimkasirikia yule mama wa kwenye simu. Lakini kadiri alivyosimama, hasira ilimwishia ikabaki aibu. Ni nani aliyekuwa akiingia nyumba hii kila siku, akaona mifupa ya shingo ya binti yule, akaenda nyumbani kuangalia bakuli?

Akarudi ndani, akanyoosha mkono. "Nipe simu. Nipigie mama yako."

Fundi alimtazama kwa hofu, akapiga. Mama Kantini alikuwa na maneno yake tayari, makali, ameshayapanga. Lakini wakwe hawaanzi na maneno makali. Kwanza habari za nyumbani, habari za mzee, habari za miguu, mvua huko vipi. Zilipokwisha salamu, makali yote yalikuwa yamekwisha pia.

"Mkwe mwenzangu," alisema, "mtoto wetu ana njaa."

"Nani, Bosi?"

"Mama yake."

Sauti ya upande wa pili ilivunjika. "Huyo binti alipokuwa mchanga alilia kila jioni, mkwe wangu. Kila jioni. Wanawake wakaniambia ni maharage, nikaacha maharage. Wakasema samaki, nikaacha. Mwisho nilikuwa sili kitu, na mtoto analia, na mimi nalia. Sikutaka yampate naye."

"Na alinyamaza lini?"

Mama yule alifikiri. "Mh. Alinyamaza tu. Alipokua kidogo."

"Ulikuwa umeanza kula?"

"Nilikuwa nimechoka kuwasikiliza. Nikaanza kula, ndiyo."

Mama Kantini hakumkejeli. Angeweza, maana ulimi anao, lakini alimwonea huruma mama kijana yule wa zamani.

Kesho yake walikwenda kliniki, simu ikawekwa juu ya meza ya muuguzi, spika imefunguliwa, ili pasiwe na bibi atakayesema hakusikia. Muuguzi alimiminiwa maswali kutoka pande mbili mpaka akaomba wapokezane.

"Watoto wengi wachanga hulia jioni," alisema, "na wengi huacha wenyewe wakikua. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya kawaida yake, siyo pungufu. Maharage ale. Samaki aliyeiva vizuri ale. Mayai, mboga za majani, matunda, ale, tena abadilishebadilishe. Kama kuna chakula kimoja ambacho kila akikila mtoto anatoka vipele au anaharisha, mnakuja tunazungumza kuhusu hicho kimoja. Lakini hamfuti meza nzima."

"Umesikia, mkwe mwenzangu?" Mama Kantini aliinamia simu.

"Nimesikia," ilijibu simu, kwa unyonge.

"Na mtoto anyonye kila anapotaka, mchana na usiku," aliendelea muuguzi. "Titi linavyonyonywa ndivyo linavyotengeneza. Mama akiwa na nguvu hatamtoa mapema. Maji anywe kila anaposikia kiu. Halafu, hii chai ya rangi nzito anayokunywa juu ya chakula, nani alimshauri?"

Mama Kantini alitazama bango ukutani.

"Inazuia mwili usipate vizuri madini ya kuongeza damu yaliyomo kwenye maharage na mboga. Kikombe kimoja, mbali na mlo, basi."

Simu ilicheka. Ilicheka kwa muda mrefu kabisa, na Mama Kantini akaivumilia, kisha akacheka naye.

Mchana ule, kwa mara ya kwanza, alivuta kiti akakaa mezani. Alimpokea Bosi, akampakata, akamwangalia Fundi usoni kama mtu anayejifunza kusoma. Fundi alikula kijiko cha kwanza kwa woga, cha pili kwa heshima, cha tatu kwa njaa. Alikula yai zima akafumba macho. Alipofika katikati ya maharage alisita.

"Mama, nikuambie kitu?"

"Niambie."

"Chumvi imezidi."

Seremala, ambaye sasa alikuwa anakula mabaki tu na kwa ruhusa, alianza kukohoa ghafla. Mama Kantini aligeuka. "Na wewe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza," alisema seremala.

Alitaka kukasirika. Alijaribu. Lakini mbele yake binti alikuwa amekwisha kurudi kwenye bakuli, chumvi na yote, shavu limetuna, na Mama Kantini akajikuta ana furaha ya ajabu. Akasema kesho atapunguza, na tangu siku hiyo akawa anauliza. Mwanzoni aliuliza kwa ukali, kama askari anayeomba kitambulisho, baadaye akalainika. Yule mama wa mbali aliendelea kupiga simu kila asubuhi, ila sasa aliuliza binti amekula nini, na akisikia ni kidogo hufoka.

Siku ya kurudi kliniki ilipofika walitoka mapema. Fundi alimkumbatia Bosi kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Muuguzi alimweka mzanini. Bosi alilalamika. Namba zikacheza, zikatulia, na muuguzi akatabasamu kabla hajasema neno.

"Amepanda. Amepanda vizuri. Huyu hahitaji kopo. Mama, endelea hivyohivyo."

Fundi aliketi kwenye benchi, na safari hii haikuwa kwa kizunguzungu. Alimweka Bosi titini palepale, katikati ya akina mama wengine, akanyonyesha mpaka mtoto akaachia mwenyewe, mdomo wazi, amelewa maziwa. Mama Kantini alisubiri pembeni na pochi yake magotini. Hakumharakisha.

Walipotoka nje jua lilikuwa limepanda na chakula cha mchana kilikuwa bado hakijapikwa. Fundi alitembea hatua chache, akasimama. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kumwomba mama mkwe wake kitu chochote, hata maji.

"Mama," alisema, "nina njaa. Tena sana."

Mama Kantini alimpokea Bosi, akamshika Fundi mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kumzaa.

"Twende, mwanangu. Utakula nini?"