Siku Saba za Kitasa

Babu yenu Adelard alikuwa karani wa muda katika ofisi ya ramani. Mwaka 1953 alikuwa ametimiza miaka sita kwenye meza ileile, lakini kwenye makaratasi ya serikali hakuwa na hata mwaka mmoja. Kanuni ilisema karani wa muda akifikisha miezi kumi na miwili mfululizo, afikiriwe kuajiriwa moja kwa moja. Kwa hiyo kila mwezi wa kumi na moja ulipokwisha walimwachisha kazi kwa siku saba, kisha wakamwandikia barua mpya, na hesabu ikaanzia moja.

Tulikwisha kuzoea. Siku hizo alilima mchicha nyuma ya nyumba, tukingoja. Lakini safari ile barua ilikuwa na mstari wa ziada: asiye kazini arudishe ufunguo wa nyumba ya serikali, apewe karani wa kudumu anayengoja. Nami nilikuwa na siku tisa tangu nijifungue Felicitas. Bado nilitembea nimeshika ukuta.

Jumamosi asubuhi akaja Mzee Shomari, mtunza nyumba zetu za pale Temeke, daftari kwapani. Vyombo vilikuwa nje tayari. Mama Jamali, jirani yetu wa kutoka Lindi, alikuwa amekwisha kuhamishia kitanda kwake bila kuuliza kama tunahitaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyo ndiye mgeni?" Akamfunua mtoto uso, akamfunika tena. Kisha akautia ufunguo mlangoni, akauzungusha, akautoa, akautia tena. "Kitasa hiki kibovu," akasema.

Babu yenu, mtu wa haki hata pasipotakiwa, akasogea. "Kizima, mzee. Jana nimekitia mafuta mwenyewe."

"Bwana karani," Mama Jamali akaita kutoka kwake, "hivi kwenu Bukoba watu hawakanyagwi miguu?"

Nikamkanyaga.

Mzee Shomari hakucheka. Akaandika polepole, akisoma kwa sauti: "Nyumba nambari kumi na saba. Kitasa kibovu. Asipewe mtu mpaka kitengenezwe." Akamgeukia Anselmo, seremala aliyefuatana naye. "Siku ngapi?"

Anselmo akakitazama kitasa kama anayetazama mgonjwa. "Saba. Nane, nikikosa skrubu."

Tukalala kwa Mama Jamali. Mimi na mtoto kitandani, mwenyeji wetu na wanawe chini, babu yenu barazani. Kila asubuhi Anselmo aliketi kizingitini kwetu, akakifungua kitasa, akakifunga.

Siku ya nne akaja karani wa kudumu na mkewe kuitazama nyumba. Anselmo alikuwa amekitandaza kitasa chote juu ya gazeti. Yule mwanamke akachungulia ndani, kisha akaniona kwa jirani na kichanga kifuani. Akanitazama kitambo.

"Twende zetu," akamwambia mumewe. "Hapa bado pana kazi."

Jina lake sikulijua kamwe.

Siku ya nane barua ikatoka: karani wa muda, kuanzia leo. Mzee Shomari akanitilia ufunguo mkononi, akainama.

"Mwanangu, kitasa kimoja hakiharibiki mara mbili katika daftari. Mwakani sina la kuandika."

Vyombo tulivirudisha ndani mchana uleule. Lakini sanduku la nguo za mtoto nililiacha karibu na mlango, na kamba yake, nikawa natoa nguo mojamoja.