Dohani ya Saa Mbili

Mwaka wa 1937 kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Tororo, kilikuwa na saa moja tu, nayo ilikaa mfukoni mwa meneja, Mzungu mwenye hasira za karibu. Lango lilifungwa saa mbili asubuhi. Saa mbili ya nani? Yake! Siku akiamka vibaya, saa mbili iliwahi. Msimu uliopita Rehemah, mke wa Hamuza fundi uashi, alifungiwa nje mara tatu, na meneja akaapa kwamba ya nne ndiyo ya mwisho, asionekane tena kwenye pamba yake.

Jambo hilo lilimkaa Hamuza rohoni. Yeye alikuwa pia muadhini, na vivuli alivijua. Wakati wa sala ya alasiri aliujua kwa kupima urefu wa kivuli kwa nyayo zake tangu ujana. Basi mwezi wa saba, kiwanda kikiwa kimefungwa, akamwendea meneja. Dohani ile ndefu ya kutolea moshi kiwandani, alisema, iwe ndiyo saa yetu. Kivuli chake kikigusa jiwe nitakaloliweka, lango lifungwe, na hakuna wa kubishana na jua. Meneja alicheka, akakubali kwa sharti: jiwe likikosea siku ya kwanza ya msimu, asisikie tena malalamiko ya saa kutoka kwa mtu yeyote.

Hamuza aliazima saa ya mkono ya Wahabi, msafirishaji wa pamba, akapima wiki tatu nzima. Nyayo mia na hamsini kutoka kwenye dohani, jiwe la saa mbili likakaa, limepakwa chokaa, linang'aa. Alivimba kichwa, tuseme kweli. Nani mwingine Tororo nzima aliyelitia jua kazini?

Msimu ulifunguliwa mwezi wa kumi na mbili. Alfajiri alikuwa kiwandani, anafuta umande kwenye jiwe lake. Jua likachomoza, kivuli kikanyooka, kikaenda kulala upande mwingine kabisa, kwenye mikeka ya kuanikia nafaka ya wimbi ya Akello, mkulima aliyepakana na kiwanda.

"Astaghafirullah!" Hamuza alishika kichwa. "Hiki kimeendaje huko?"

"Fundi, kivuli iko nahama kila mwaka," Akello alisema, akivuta mkeka wake juani. "Wakati ile ilikuwa upande ya jiwe. Sasa iko kwangu. Sisi yote tunajua."

"Na ulinitazama wiki tatu, ukanyamaza?"

"Wewe uliniuliza?"

Swali hilo lilimchoma. Miaka yote hiyo alikuwa akihesabu urefu wa kivuli. Kimelala upande gani, hakuwahi kujali. Lakini urefu! Urefu haukuhama! Alivua viatu akaanza kupima katikati ya wimbi lililoanikwa, Akello akimpigia kelele nyuma. Nyayo mia na themanini, na kivuli cha asubuhi hufupika kadiri jua linavyopanda. Saa mbili bado! Na pale barabarani Rehemah alikuwa anakuja mbio, kitambaa kikimponyoka kichwani.

Lango likafungwa mbele ya uso wake.

"Bwana Meneja, bado!" Hamuza alipiga mabati kwa ngumi. "Nimepima! Nyayo thelathini nzima zimebaki!"

"Sisi tulipatana jiwe, fundi," sauti ilijibu kutoka ndani. "Hapana miguu. Jiwe yako iko wapi na kivuli iko wapi? Na huyo mama, yeye kwisha kazi."

Hamuza alimgeukia mkewe, maneno yakimtoka kwa fujo: jua, upande, urefu, yule mwongo na saa yake. Kweli ilikuwa yake, na haikumfaa kitu. Rehemah alimwacha amalize, akajifunga kitambaa upya.

"Baba Hajara, mimi sikukuomba jua," alisema. "Saa ni yake, na lango ni lake. Nilitaka kumtangulia langoni tu. Nilikuomba unichotee maji alfajiri, ukasema una kazi na mawe."