Wakazi wa Nyumba Nambari Kumi na Nne

Tunaanza kwa jina la Mola, aigawaye mvua bila kumuuliza mtu anakaa mkoa gani. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na wote waliowatendea wanyonge haki.

Waliomo katika habari hii ni wachache, nami nitawapanga wajulikane. Wa kwanza ni mkunga wa zahanati ya mlimani, mtu mzima aliyeitwa na mtaa mzima Mama Mkasi, kwa kuwa vijana wengi wa pale walikatwa vitovu kwa mkono wake. Wa pili ni mkamwana wake, mshona sare za shule, mwenye mimba iliyotimia, ambaye mumewe yuko mbali akitafuta kazi. Wa tatu ni fundi bomba, mtu wa maneno mengi. Wa nne ni dada yake fundi, mjane, akaaye ng'ambo ya korongo katika nyumba nambari kumi na nne. Korongo hilo ndilo mpaka wa mikoa miwili. Upande huu pana zahanati ya vyumba vitatu. Upande ule pana hospitali yenye vigae sakafuni na maji ya moto.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa bila maji, Mama Mkasi alifika kazini na dumu mkononi, akakuta kufuli jipya kwenye chumba cha kuzalia. Juu yake palibandikwa karatasi yenye muhuri: chumba kimefungwa mpaka maji yapatikane.

"Umemvua mtu viatu, kisha unamzuia mlangoni kwa kuwa yu pekupeku," alisema fundi bomba, aliyechuchumaa kando ya bomba lililopasuka.

"Linataka nini?"

"Futi arobaini za bomba, mama, na viungio viwili. Mikono ninayo."

Mkamwana alikuwa ameketi kwenye benchi, kiganja kiunoni.

"Yameanza?"

"Yanakuja yanaondoka, mama."

"Basi vuka mapema. Mjane atakusindikiza."

Akaandika karatasi ya rufaa kama alivyozoea kwa miaka minane, tangu dawa zilipoanza kukosekana: jina, umri, na makazi, nyumba nambari kumi na nne. Hospitali ya ng'ambo haikupokea ila wakazi wa mkoa wake, naye alikuwa amebuni hila hiyo kwa huruma. Mjane hakuwahi kukataa. "Wanatumia nambari tu," alikuwa akisema, "kitandani mwangu bado nalala peke yangu."

Mama Mkasi akaenda ofisini kufuata bomba. Mlinzi akamtaka barua. Karani akaitaka barua iwe na muhuri. Mwenye muhuri alikuwa amekwenda kunywa chai. Akakaa, akasimama, akakaa tena, akihesabu kimoyomoyo nafasi za uchungu wa mkamwana wake, mpaka jua likawa utosini ndipo akaitwa kwa afisa wa mgao, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata futi arobaini za bomba."

Afisa akafungua jalada. "Fedha za zahanati, pamoja na mabomba yake, hugawanywa kwa idadi ya wanaohudumiwa. Katani kwenu mwaka jana wamezaliwa watoto sita."

"Sita? Asubuhi hii nimewaruka sita kizingitini kwa jirani."

"Karatasi inasema sita. Fedha humfuata mgonjwa, mama, na wagonjwa wako ng'ambo. Wenzenu wameongezewa wodi, na barabara ya lami ya kuifikia." Akafunua ukurasa. "Hata sisi tumestaajabu. Iko nyumba moja kule, nambari kumi na nne. Mwaka jana peke yake wamejifungua wanawake mia tatu na sita wa nyumba hiyo. Ina ghorofa ngapi?"

Mama Mkasi aliijua nyumba hiyo. Ilikuwa na vyumba viwili na choo cha nje.

"Na wao wameshtuka. Tangu leo, asiye na kitambulisho cha mkoa ule hapokelewi."

"Tangu leo?"

"Tangu asubuhi."

Akainuka, kisha akaketi tena ukingoni mwa kiti. "Hesabu ikirekebishwa, je?"

"Mgao umekwisha kupitishwa. Mwingine ni baada ya miaka mitatu. Na hata huo hautabadilika mpaka aliyeziandika rufaa hizi akiri kwa maandishi. Akikiri, kazi hana." Mbele yake palikuwa na bunda la nakala, zote za mwandiko mmoja. Akazifunika kwa jalada. "Nisingependa kumjua, mama."

Alishuka korongoni nusu akitembea, nusu akikimbia. Aliwakuta darajani, mkamwana ameegemea bega la mjane.

"Wamenirudisha, mama, kwa kukosa kitambulisho. Mlinzi ameniuliza jirani yangu wa kushoto anaitwa nani."

"Nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba," alisema mjane. "Akasema, 'Kumbe ni wewe. Umezaa sana.'"

Hakuna aliyecheka. Walipofika juu, fundi alilitazama kufuli, akamtazama Mama Mkasi, akalivunja kwa nyundo bila kuambiwa. Kisha akapita mlango kwa mlango, na kila nyumba ikatoa dumu la maji yake ya kunywa. Kabla ya alasiri alizaliwa mtoto wa kike, mwenye sauti kali.

Mama Mkasi alifungua daftari la vizazi.

"Andika kumi na nne, mama," alisema mkamwana kwa sauti ya uchovu. "Huenda wakasahau, apate chanjo."

"Kumi na nne pamejaa, mwanangu."

Akaandika mtaa wao na nyumba yao. Kisha akachukua karatasi tupu: *Wanawake mia tatu na sita wa nyumba nambari kumi na nne ni wa kata yetu. Niliwahamisha mimi kwa kalamu, wao hawana kosa. Mwandiko ni huu.*

Fundi alisoma akiwa nyuma ya bega lake. "Watakufukuza, mama."

"Watanifukuza."

"Na bomba ni miaka mitatu."

"Mitatu."

"Na atakayezaa kesho?"

Mama Mkasi akainuka. Aliutumbukiza mkasi katika sufuria ya maji yaliyobaki, akawasha jiko, akakaa kungoja yachemke.

Mola awahifadhi waliobaki mlimani. Awape maji kabla ya mihuri, na ajaalie waandikwe pale wanapoishi. Amina.