Kikombe cha Kusafisha Kifua

Kwa miaka kumi na minane, binti Kitindamimba alimpelekea baba yake kikombe cha maziwa karakanani kila jioni. Wakata mawe wote pale walifanya hivyo: ukifunga kazi, unakunywa maziwa, yateremke na vumbi. Baba alikimaliza kwa mkupuo mmoja, akajipiga kifua. "Sasa nimeoga ndani!"

Leo baba alikuwa wodini, ameegemea mito mitatu, mabega yakipanda kwa kila pumzi kama mtu anayenyanyua jiwe.

Daktari alimweleza binti koridoni, akichora nyuma ya bahasha. "Kooni njia zinaachana. Unachokula na kunywa kinakwenda tumboni. Hewa ina bomba lake, linagawanyika kama matawi mpaka kwenye vifuko vidogo mno ndani ya mapafu. Humo damu inachukua oksijeni na kuacha hewa chafu. Vumbi limeingia humo, likaacha makovu. Na kovu halitanuki."

"Na maziwa?"

"Hayakuwahi kufika huko."

Alirudi kitandani kwa baba. Amwambie, au anyamaze, baba aondoke na imani yake?

"Umenuna nini, mama?" baba aliuliza, akitweta. "Daktari kakuposa?"

Binti alicheka, kisha machozi yakamshinda. Akamweleza yote. Baba alijipapasa tumbo.

"Kumbe nilikuwa... nanenepesha tumbo tu."

"Nisamehe, baba."

"Wewe ulileta maziwa. Mimi ndiye niliyekata mawe makavu, eti maji yanafuta mstari wa penseli wa kukatia." Akatafuta pumzi. "Wenzangu bado wako kazini. Nenda kawaambie. Jiwe walimwagie maji, vumbi lisiruke."

"Nikuache hivi? Nitakwenda kesho."

"Kesho watakuwa wameshavuta vumbi la leo."

Akamshika mkono, akauachia, akatoka mbio.

Karakanani watu walikuwa weupe kwa vumbi hadi kwenye kope. "Mhudumu wetu, mbona mikono mitupu?" alitania Nyundo, rafiki wa baba tangu ujana. Binti alieleza akipaza sauti kuishinda mashine. Wengine waliangua kicheko. Nyundo hakucheka. Aliizima mashine, akachukua ndoo, akalimwagia jiwe maji mpaka mstari wote ukapotea.

"Tutachora kwa msumari," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na yeye, anaendeleaje?"

Kitindamimba alikuwa ameshageuka, anakimbia kurudi hospitali.