Mawe ya Kizunguzungu

Mtu akikuambia kutembea ni kazi rahisi, mwambie apigwe jiwe kichwani kwanza, kisha mzungumze. Mimi lilinipata kwenye machimbo ya dhahabu, hapa Mwakitolyo, nikiwapakulia wachimbaji wali. Mbeba mawe alipita, kiroba kikachanika, jiwe likanishukia utosini.

Daktari wa zahanati alisema fuvu ni zima, ubongo umetikisika kidogo tu. "Usilale ndani kama mzazi," akaniambia. "Tembea kila asubuhi. Kichwa kikizunguka, kaa chini, halafu rudi. Siku utakayofika mnara wa simu na kurudi bila kizunguzungu, ruksa kurudi kazini."

Mnara wenyewe uko ng'ambo ya shamba letu la mihogo, mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Siku ya kwanza sikuvuka hata tuta la tatu. Dunia ilipinduka, nikakaa kwenye umande nikalia, mimi niliyezoea kubeba kichwani sufuria ya wali wa watu hamsini. Nikaokota jiwe jeupe, nikaliweka pale nilipoishia ili kesho nilipite. Kesho yake nililipita kwa hatua nne tu. Nikaweka jingine.

Aliyenitia moyo ni mume wangu, Baba Limi. Mwanamume ambaye hajawahi kuniuliza hata kama nimekula, sasa kila nikirudi ananivutia kigoda.

"Leo kimekushika wapi?"

"Pale kwenye mhogo uliokatika."

"Kimekushika sana?"

"Sana, Baba Limi. Nilitaka kutapika."

Anatikisa kichwa, ananimiminia uji. Nilimwambia jirani yangu Mbuke kwamba jiwe lilinigonga mimi, akili zikamrudia mume wangu.

Siku ya kumi na tisa nilifika mnarani. Nikashika chuma chake kwa mikono miwili, nikasubiri dunia ipinduke. Haikupinduka. Nikageuka nikarudi mbio mbio, nikicheka peke yangu, na habari nilitaka kumpa Baba Limi kwanza.

Shambani nikaona udongo unaruka. Mihogo yangu imelala chini, mizizi juu. Penye mawe yangu meupe mawili tayari pana mashimo, na ndani ya shimo la mhogo uliokatika yumo mume wangu na sululu. Rafiki yake Chacha alikuwa shimo la pili.

"Pole na mazoezi, shemeji," Chacha akasema.

"Baba Limi, nini hiki?"

"Usipige kelele, watu watasikia!" Akasogea, akanong'ona. "Jiwe lililokupiga lilitoka kwenye mwamba wenye mali, Mama Limi. Dhahabu imekuingia, inatafuta wenzake. Panapokuzungusha ndipo ilipo."

Nikaduwaa. Siku kumi na nane za uji! Siku kumi na nane za kigoda, na mimi namshukuru Mungu kwa mume!

"Nimefika mnarani," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nimekwenda na kurudi. Kichwa hakijazunguka."

Sululu ikamdondoka. Akanitazama kwa uchungu ambao sikuuona siku ile nilipoletwa nyumbani damu ikinitiririka.

"Hata kidogo?" akauliza. Akatoka shimoni, akanishika mkono kwa upole. "Hebu rudia, mke wangu. Safari hii tembea haraka haraka."